Mashini Inayokula Vumbi Langu

Jumanne, jioni

Na kwa nini sasa ndiyo anaonea mugongo wangu huruma? Miaka kumi na mbili nafagia atelie yake ya usonara, hakuna siku bwana yangu aliuliza kama unauma.

Vumbi la atelie ni la bibi wa sonara. Ndivyo mama mukwe alinifundisha: unafagia, unaosha vumbi mu karai, zahabu kidogo inayobaki ni yako. Sasa bwana ameleta toka Salamabila mashini ya duara inayofagia yenyewe. "Mama Zaina, pumuzika," anasema. "Lakini usiifungue, iko na umeme. Vumbi lake nitamwaga mimi."

Mutu asiyemwaga hata maji aliyonawia!

Leo alienda Lusangi, nikaifungua. Kisanduku chake cha vumbi kiko safi kuliko sahani zangu. Kimeoshwa na kupanguswa. Nani anaosha takataka kwa upendo hivyo?

Labda namuzania bure. Labda...

Kesho nitaamka mbele yake, nifagie atelie yote na ufagio wangu. Halafu nitaiachia mashini sakafu safi, nione nani atanuna: mashini ao mwenye mashini.