Ukuta Mweupe wa Newala
Kaka Hamisi, shikamoo, ingawa leo naitoa kwa uchungu.

Newala ni baridi, ukungu hadi mlangoni. Mwenyeji wangu, mwalimu wa sayansi, alitumbukiza matumbawe mawili kwenye maji ya mabibo yaliyochacha. Lenye matawi limemomonyoka. La mviringo bado gumu.

“Moshi wa viwanda unaitia bahari uchachu,” akasema. “Haya ya mviringo ndiyo yatakayostahimili zaidi.”

Sikumwambia kuwa ndiyo hayo unayoyang’oa huko pwani kuchoma chokaa, tangu soko huria lije na kila mwenye duka huku atake ukuta mweupe. Nakuandikia nimeegemea ukuta mmojawapo. Chokaa yake imenichafua mgongo mzima.

Nipakatie wanao. Wapeleke wakaone miamba kabla hujaimaliza.

Mdogo wako, Zuhura