Jenereta Isifunguliwe

Wanangu,

Jumatatu ile msimamizi wa kambi alipoifungua na kuiondoa jenereta nyuma ya gari hili tunamolala, ndipo nyumba yetu ilipozimika. Eti wakubwa wana mkutano, wanataka umeme wa vipaza sauti. Mimi nilikuwa kazini kwao. Mama yenu alikuwa ndani na mashine yake ya kupumulia.

Asubuhi hii karudi tena, anacheka: "Mzee, tuazime kidogo." Na wewe mkubwa ukaniambia, "Baba, mpe tu yaishe." Neno lako limenichoma kuliko lake.

Leo tunahama. Nimekwenda kwa mchomeleaji kuchukua boliti za kibebeo cha jenereta. Msiondoe gari kabla sijarudi, jenereta imeshikwa na mkanda tu, na mkanda hulegea gari likitikisika. Mnyororo uko chini ya kitanda. Upitisheni kwenye fremu, si kwenye mpini. Mpini ni wa kubebea, barabara mbovu itaung'oa. Koki ya petroli ifungwe.

Mdogo, usiikalie. Kibebeo kinalalamika tayari, usikiongezee hayo makalio.

Msimamizi akija ~~mwambieni nimekufa~~ mwambieni nimefuata kufuli la mnyororo. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Tulimpisha, tukazika.

Leo nilimuuliza mbele ya watu: siku ile ulipochomoa waya, hukusikia mtu anakohoa humu ndani?

Baba yenu