Kumtegea Kekeo Sikio

Jumamosi ya mapumziko marefu ya Septemba. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno, na mvua ya kwanza bado inatuzungusha. Bellevue nzima, mtaa wetu wa ugenini huku kusini, inachoma nyama. Mimi sina hamu hata ya kutafuna.

Naandika kwa sababu nimeaibika, na aibu hii sijui niipeleke wapi.

Kila mwaka majira haya, mimi na binti yangu Neema tunapanda kile kilima cha Observatory kuangalia ndege. Tulianza akiwa na miaka sita, sasa ana kumi na mmoja. Mama yake, Furaha, haji, maana sikukuu ndiyo siku wateja wa kusuka wanajaa sebuleni. Tunatafuta ndege wanaorudi baridi ikiisha: mbayuwayu, na hasa kekeo, yule mwenye sauti tatu zinazoshuka, ambaye kwetu Bukavu akilia watu wanatafuta majembe. Kekeo haonekani ovyo, anasikika. Kwa hiyo mchezo wetu ni mmoja tu: nani atamsikia wa kwanza. Miaka yote nimeshinda mimi, na nimejisifu nyumba nzima ikachoka.

Siri yangu ni hii: masikio yangu yanakufa.

Si jambo la jana wala juzi. Miaka kumi na minne nimeshona kwenye karakana moja Doornfontein, chumba kimoja, mashine kumi na mbili, zote zikiunguruma pamoja kutwa nzima. Kwanza nilipoteza zile sauti nyembamba za maneno, zile s na f. Kisha mlio wa simu. Siku hizi Furaha akisema nami akiwa amenipa mgongo, naitikia "ndiyo" kwa kubahatisha. Analalamika kwamba nimeingiwa na kiburi. Namwacha aamini hivyo. Afadhali kiburi.

Tena mimi ni mwalimu wa kwaya. Hapa mjini sina cheo kingine. Kazini naitwa "wewe wa zipu". Kanisani watu wazima arobaini wanasimama nikiinua mkono. Mwezi uliopita wale mama wa sauti ya kwanza walitoka kabisa nje ya tuni katikati ya wimbo, nami natabasamu tu. Nilikuja kuambiwa na mpiga gitaa, kwa utani. Mama wenyewe walifurahi, wakasema mwalimu siku hizi amekuwa mpole. Mwalimu wa kwaya asiyesikia atapewa kazi gani? Kupanga viti.

Leo, tukivuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, chini ya kilima, Neema alinivuta mkono mpaka shati likachomoka. Pikipiki ya kupeleka vyakula ikapita mbele ya pua yangu. Nilimwona dereva akinitukana. Honi, kama aliipiga, sikuisikia.

"Nilikuwa nawaza," nikamwambia mtoto. Hakuniachia mkono mpaka ng'ambo.

Juu kule mishubiri bado ina maua, na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, walikuwa wamejaa juu yake, wanang'aa kijani. Neema akasema wana makelele leo. Niliona midomo yao ikifunguka na kufungwa, kama televisheni iliyokatwa sauti. Niliyemsikia mimi ni kwarara peke yake, yule ndege mkubwa wa mdomo mrefu, na kwarara hata maiti anamsikia.

Tukakaa juu ya jiwe. Tulikaa sana. Halafu Neema akainua kidole.

"Papa! Kekeo. Unamusikia?"

Nikafumba macho, nikainamisha kichwa kama mtaalamu. "Ee, namusikia. Iko kule, upande wa bonde. Leo umenipita kidogo tu."

Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama, machozi yanamlenga.

"Hakuna ndege, Papa," akasema polepole, uso wake karibu na wangu. "Nimekudanganya. Nilitaka kujua."

Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu. Nimewahi kulala njaa na kujifanya nimeshiba. Sikuwahi kujisikia mdogo kama pale kwenye lile jiwe. Sikukasirika kwamba alinijaribu. Kinachonichoma ni kwamba nilimwonyesha hata upande aliko ndege.

Tulishuka, Neema ametangulia. Nilitaka kumwomba asimwambie mama yake, nikakosa pa kuanzia. Tulipofika, Furaha, vidole vyake vikiwa kwenye nywele za mteja, akanigeukia. "Papa Neema, mulimusikia?" Hilo nililisoma mdomoni.

Kabla sijajibu, mtoto akasema: "Papa ndiye alisikia wa kwanza. Kama kila mwaka."

Alisema kwa sauti kubwa sana, ili na mimi nisikie.

Furaha akacheka, mteja akacheka. Neema alikwenda kunawa mikono na akakaa huko muda mrefu. Na mimi nilisimama pale mlangoni kama mtu anayepongezwa. Mtoto wangu amedanganya kwa ajili yangu na nimeupokea uongo wake kama zawadi.

Kesho ni Jumapili, kwaya ina nyimbo mbili. Hata sasa ninapoandika haya, akili inatafuta ujanja: labda mpiga gitaa anipe ishara kwa macho, labda nisimame karibu na spika. Najichukia kwa hilo.

Neema ameingia sasa hivi. Siku zote huniita akiwa jikoni, kwa kupaza sauti. Leo amekuja mpaka kwenye kiti, amenigusa bega, akasubiri nigeuke nimtazame mdomo, ndipo akasema chakula kiko tayari.

Nitamwambia Furaha mezani, mtoto akiwepo. Nikisubiri kesho, sitasema.