Maziwa ya Kirolirwe hayanywewi wima

Dada Furaha,

Wewe na wamama wote wa materinite yetu ya kuzalishia hapo Pinga, hamujambo? Huku Kirolirwe kwa shangazi baridi inauma, na ukungu umefunika malisho hadi ng'ombe nawasikia tu.

Leo asubuhi shangazi alinipa kikombe cha maziwa ya moto. Nikaanza kunywa pale mlangoni, macho barabarani, kama tunavyofanya kazini tukingoja wajawazito. Akanikamata mkono.

"We mama munganga! Hapa kwetu hatunywake maziwa tukiwa tunasimama. Ni kutukana ng'ombe. Ikala kwanza!"

Nikaikala kwenye kigoda. Furaha, tangu wamama waliokimbia vita waanze kuzalia kwetu, sikumbuki nilipokula nikiwa nimekaa. Machozi yakadondokea kikombeni. Shangazi aliongeza maziwa tu.

Najua sasa unabeba zamu yako na yangu. Mungu akutie nguvu, dada. Nitakuletea fromaji nzima, ile jibini ya huku. Siku hiyo mimi nitapokea watoto, na wewe utaikala.

Mwenzako,
Esperansi