Kitenzi Ulichonifundisha kwa Fimbo

Papa wangu,

Leo nimefundisha kile kitenzi. Wanafunzi wangu hapa Musaga, mtaani kwetu Bujumbura, watoto wa wakimbizi wa Kongo kama tulivyokuwa sisi, walitaka maana zake zote. Nikaandika ubaoni: kumchapa mtu, kumshinda mpinzani, kupiga ngoma, kukoroga mayai, moyo kudunda. Neno moja la Kiingereza, kazi zote hizo. Nikaweka chaki chini, nikatoka nje kidogo.

Kila jioni, baada ya ugali, ulikuwa unanikalisha mbele ya daftari. "Amerika hawasemi Kifaransa," uliniambia. "Mutu akikosa Kiingereza, dosie yake ya safari inalala." Nilikuwa nashindwa umbo la tatu la kitenzi kile: beat, beat, halafu kichwa tupu. Ulinichapa mikononi mpaka vidole vikavimba, kisha ukanipaka mafuta ya mawese. "Ni kwa faida yako, mama," ulisema, na najua uliamini hivyo.

Siku ya mahojiano ya kuhamia Amerika nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama mmoja wa ofisi ya wakimbizi aliuliza kwa Kiingereza kama nyumbani kuna mtu ananipiga. Mkalimani hakupata nafasi ya kutafsiri. "My father has beaten me many times," nilijibu, baba yangu amenichapa mara nyingi. Sikukosea hata kidogo. Nikakuangalia, ulikuwa unatabasamu, Papa. Uliifurahia sentensi kabla maana yake haijakufikia.

Dosie yetu ikawekwa kando, eti uchunguzi. Majirani wakaondoka familia moja baada ya nyingine, sisi tukabaki. Miaka tisa uliuza mitumba sokoni ukingoja simu, ukafia hapa hapa Bujumbura. Hukunigusa tena na fimbo. Kiingereza nacho hukunifundisha tena. Watu wakinilaumu, ulinitetea: "Apana, ni mutoto tu. Alitaka kuonyesha Kiingereza yake, hakujua."

Nilikuacha uzikwe ukiamini hivyo, na inanitafuna. Nilijua, Papa. Sentensi ile niliitunga Jumapili kanisani, nikairudia kimoyomoyo wiki nzima, ili yule mama akukataze. Nilidhani fimbo itakoma na safari itabaki.

Naomba unisamehe. Lakini ningeulizwa tena leo, nisingenyamaza.

Ni mimi, binti yako