Mwaka Ambao Hatukukata Nyasi

Machi 9. Ukungu asubuhi, baridi ya wastani.

Binti yangu Corliss,

Natumaini u mzima na kile kifua kimetulia. Mimi sijambo, goti tu. Maji machafu yamerudi tena bafuni.

Lakini kuna heri. Kamishna Pruitt alikuja kanisani akasema kaunti sasa inaruhusiwa kukopa ili kuweka mabomba ya maji taka kwenye mitaa iliyochakaa. Wakaguzi watapita na gari, watazame, waandike. Wasipoona uchakavu, hakuna mkopo. Basi Lavonda, jirani yangu, akasimama: "Jamani, mwaka huu asikate mtu nyasi. Tukijipamba, tutaendelea kunusa vyoo vyetu." Tumekubaliana mtaa mzima. Na mimi nimeacha rangi ya baraza ibambuke. Marehemu baba yako angenuna wiki nzima.

Mama yako,
Ardith

Machi 20

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Goti likande kwa maji ya moto, usijifanye hulisikii.

Nimecheka kuhusu nyasi, kisha nikaacha kucheka. Mkopo utalipwa na nini? Nimeuliza hapa kazini, nimeambiwa unalipwa na kodi itakayoongezeka mtaa ukipanda thamani. Sasa nyumba yako ikibaki ileile, kodi itaongezeka kutoka wapi? Muulize Pruitt kabla kaunti haijaupigia kura huo mkopo. Na tafadhali kata nyasi.

Mwanao,
Corliss

Mei 14. Mvua nyepesi, upepo wa magharibi.

Corliss mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepata nafuu, asante.

Kura imepita. Niliuliza swali lako mbele ya watu. Pruitt akatabasamu: "Mama Ardith, wewe unataka choo au unataka hesabu?" Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao. Sikuuliza tena.

Wamechimba mtaro. Bomba ni pana, mtu anaweza kutambaa ndani. Limepita mbele ya nyumba zetu zote bila kuunganishwa na hata moja, likaenda moja kwa moja hadi kiwanja cha kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Nimemuuliza fundi zamu yetu lini. Amesema karatasi yake haina nyumba upande huu.

Pengine ni karatasi ya zamani.

Mama yako

Agosti 2

Mama,

Hali yako? Hii ni barua ya tatu bila jibu, na simu huipokei. Lavonda ameniambia kaunti inazinunua nyumba zote zilizoandikwa chakavu ili ijengwe mitaa mipya yenye kodi kubwa, kwamba yeye ameuza, na kwamba wewe umekataa hata wamekushtaki. Anasema usiku taa inayowaka mtaani ni yako tu. Usiende mahakamani peke yako. Nisubiri, nakuja.

Corliss

Oktoba 17. Umande mzito, anga safi.

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Sikukusubiri, kesi ilikuwa jana.

Wakili wa kaunti alionyesha picha ya nyumba yetu, ile waliyopiga wakaguzi. Nyasi kiunoni, rangi imebambuka. Nikamwambia hakimu nyumba ni nzima, tuliiacha vile makusudi ili tupate mabomba. Wakili akaniuliza taratibu kabisa: "Kwa hiyo mliidanganya kaunti, Mama? Wewe na nani wengine?"

Lavonda alikuwa nyuma, amekaa na wale wote waliouza. Malipo yao hayajatoka bado. Alinitazama, kisha akatazama mikono yake.

Nikasema, "Hapana bwana. Nyumba ilikuwa vilevile. Imechakaa."

Hakimu amenipa hadi Desemba mosi niwe nimehama. Tukiwa mlangoni Lavonda alinishika kiwiko. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, shoga," halafu nikakumbuka hana.

Nilirudi nikaosha madirisha yote, ndani na nje. Nikala maharage na mkate wa mahindi. Ng'ambo ya barabara walikuwa wanaing'oa milango ya kwa Lavonda, wanaipanga kwenye lori. Walipoondoka ikawa kimya, ila chini ya barabara maji yalikuwa yanapita ndani ya lile bomba. Nimeyasikiliza sana. Usingizi ulinichukua saa kumi kasoro robo alfajiri.

Mama yako