Mechi Zako Zinakungoja

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba barua hii ikukute na afya, na kile kikohozi cha moshi wa jikoni melini kiwe kimekuachia. Huku tuko salama. Mama anakula, japo kwa kubembelezwa, na mguu wake umepungua uvimbe. Mimi bado nauza dawa palepale, na wateja bado wananiita Kidonge, jina alilonipa Baba.

Tangu tumzike Baba hujatuma hata neno. Mwenzako wa melini aliniambia unajiona huna uso wa kurudi, kwa sababu mlikuwa katikati ya bahari na hukuwahi maziko. Simu hupokei. Barua labda utaifungua.

Unaikumbuka kompyuta aliyoiweka Baba chini ya televisheni? Alipostaafu kiwandani aliipanga iamke yenyewe kila timu yenu inapocheza, irekodi mechi, halafu ilale tena. Sheria yake ilikuwa hakuna kutazama mpaka wewe urudi, wala kutaja matokeo ndani ya nyumba hii. Yule kinyozi jirani yetu alikuwa akipita dirishani makusudi, akipaza sauti kwamba leo kuna watu wamefungwa mabao mpaka wavu umechoka. Baba aliziba masikio, akaimba kwa nguvu, akamwita adui wa familia, na kesho yake akaenda kwake kunyolewa. Mama alikuwa akinuna. Alisema hajapata kuona watu wazima wanaoweka mpira akiba kama maharage.

Siku ya msiba kinyozi alikuja kutupa pole. Timu yenu ilikuwa imecheza jana yake. Akaniambia taratibu kwamba matokeo anayajua, lakini hatayasema. Nililia hapo kuliko nilivyolia makaburini.

Baada ya hapo mechi ziliendelea kuingia. Kila nikirudi jioni baada ya timu kucheza, nakuta nyingine imeongezeka. Nilijiambia mkono wa Baba bado unafanya kazi, nikakuandikia hivyo kwenye simu. Niliona umesoma. Hukujibu.

Sasa kaka, ukweli sio huo niliokuandikia. Wiki iliyopita nilisahau funguo za duka nikarudi mchana. Nikamkuta Mama amekaa sakafuni mbele ya televisheni, miwani puani, kidole kwenye kitufe. Alishtuka kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Nilipombana akasema kwamba umeme ulipokatika siku zile za msiba, kompyuta ilipoteza saa, ikawa haijui leo ni lini, na haikuamka tena. Basi anaiamsha yeye. Kinyozi humpitia kumwambia timu inacheza saa ngapi, naye anakaa pale mpaka ahakikishe inarekodi. Mara ya kwanza alikosea chaneli, akakuwekea utabiri wa hali ya hewa mwanzo mpaka mwisho. Nao ameukataza usifutwe, anasema huenda ukakufaa baharini.

Nikamwambia nitamleta fundi abadilishe betri ndogo iliyomo ndani, ni kazi ya muda mfupi tu, halafu itaamka yenyewe kama zamani. Akakataa kabisa. Aliniuliza, ikianza kuamka yenyewe, yeye atabaki na kazi gani saa hizo? Akasema kompyuta inarekodi tu, haimngoji mtu. Yeye anakungoja.

Aliniomba nisikwambie, nami nimemvunjia ahadi, maana naona unadhani umefungiwa mlango. Hakuna anayekulaumu kaka. Tulijua uko wapi siku ile, na Baba naye alijua kazi yako ni ya maji. Omba likizo uje. Huko bandarini usiulize matokeo.

Kinyozi anakusalimu, anasema kichwa chako ni cha bure mara moja tu. Mama anakusalimu sana. Jana baada ya kubonyeza kitufe hakwenda jikoni kama kawaida. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akatazama kidogo, kisha akaniuliza kuotea ni nini. Nilimwambia mimi sijui vizuri, wewe utakuja kumweleza.

Mdogo wako akupendaye,
Kidonge